Nyota ya Pili katika Mkia wa Nge

Niliondoka Dar es Salaam kwa sababu ya ubishi, na naona nianze na ubishi huo ili msomaji ajue nilikuwa natafuta nini Kigoma katika mwezi ambao watu wenye akili zao wanasubiri mvua.

Mimi ni fundi sanifu wa maabara ya fizikia katika chuo kimoja hapa mjini. Kwa miaka ishirini na zaidi nimewaandalia wanafunzi vifaa vya majaribio na kuvisafisha wanapomaliza. Kazi hiyo imenifundisha jambo moja vizuri: kila kitu kikipashwa moto hadi king'ae hutoa rangi zake chenyewe. Chumvi ya mezani hutoa manjano, shaba hutoa kijani. Ukiupitisha mwanga wake kwenye kioo chenye mikwaruzo myembamba sana, unatandazwa kama upinde wa mvua, na ndani ya upinde huo huonekana mistari. Haidrojeni ina mistari yake, neoni ina yake, na hakuna anayemwibia mwenzake. Utandazo huo ndio unaoitwa spektra. Nyota nayo haina ujanja. Mwanga wake ukitandazwa, inasema imeumbwa kwa nini.

Sasa, kuna setilaiti zinazozunguka juu zikipiga picha za anga kwa eksirei. Zimeona maelfu ya vitu vinavyotoa eksirei, na vingi havijulikani ni nini. Setilaiti inaweza kukuchorea duara dogo tu na kusema, "Eksirei zinatoka humu." Ndani ya duara mnaweza kuwa na nyota tatu, nne, au galaksi ya mbali. Ipi ndiyo? Eksirei peke yake mara nyingi haitoshi kujibu. Inabidi mtu aende na darubini ya mwanga wa kawaida, atandaze mwanga wa kila kilichomo duarani, atafute kilicho tofauti.

Chuo chetu kilijiunga na kikundi cha watazamaji wa nchi mbalimbali wanaogawana orodha ya vitu hivyo. Kimoja kilinivutia. Kilikuwa katika mkia wa kundi la Nge, duara lenye nyota tatu: ya kwanza nyekundu hafifu, ya pili ya buluu na angavu kiasi, ya tatu hafifu kabisa. Katika kikao cha mtandaoni mratibu wa orodha alisema eksirei hizo huenda zinatoka kwenye galaksi ya mbali iliyojificha nyuma ya nyota hizo. Nikafungua kipaza sauti nikasema nadhani ni ile ya buluu.

"Una spektra yake?" akaniuliza.

"Sina."

"Basi mwisho wa msimu tutaiandika galaksi, tuendelee na nyingine."

Mwisho wa msimu ulikuwa karibu. Mwezi Oktoba Nge huonekana magharibi jua linapozama, na kila jioni huwa chini zaidi, hadi Jua limfunike kwa miezi kadhaa. Darubini kubwa zilikuwa na foleni zake. Sisi tulikuwa na ndogo, ya kipenyo cha sentimita ishirini, na spektrografu, yaani chombo cha kutandazia mwanga, ambayo mimi mwenyewe niliifunga na kuifungua mara nyingi kuliko ninavyoweza kukumbuka. Dar es Salaam haikufaa: taa, unyevu na mawingu ya bahari. Profesa wetu alikuwa na mwanafunzi wake wa zamani, Mwalimu Ruben, anayefundisha fizikia katika sekondari moja upande wa Kibondo, kwenye miinuko ambako giza bado ni giza.

"Nenda wewe," profesa aliniambia. "Wewe ndiye uliyebisha."

Alfajiri ya siku ya safari nilifika stendi na mizigo mitatu. Darubini nilikuwa nimeizungushia godoro la mtoto na kuifunga kwa kamba. Kondakta aliitazama akaniuliza kama ndani kuna maiti. Nikamwambia ni darubini ya kutazamia nyota. Akafikiri kidogo, akamwita mwenzake, wakailaza polepole kwenye buti kana kwamba kweli ni maiti. Sanduku la spektrografu nililipakata mimi, na sikuliachia hadi Dodoma nilipokwenda kujisaidia, ambapo nililikabidhi kwa mtawa aliyekaa kando yangu. Nilirudi nikamkuta amelikumbatia kwa mikono miwili.

Kahama tulilala. Asubuhi nilipanda gari jingine, na baada ya Nyakanazi nchi ikaanza kuinuka na kubadilika. Vilima vilikuwa vyeusi kwa moto wa nyasi, na chini ya weusi ule majani mabichi yalikwisha kuchungulia. Katika kizuizi kimoja kabla ya Kakonko, ofisa aliingia kukagua vitambulisho kama ilivyo desturi karibu na mpaka. Aliponifikia aliuliza sanduku lina nini. Nikafungua. Akatazama vioo na skrubu kwa muda.

"Hii inapima nini?"

"Mwanga wa nyota, afande."

"Halafu?"

"Halafu tunajua nyota imetengenezwa kwa kitu gani."

Akarudisha kifuniko mwenyewe, taratibu. "Ukijua, mama, pitia hapa utuambie." Watu nyuma walicheka, naye akacheka, akashuka.

Kasanda tulikutana na mvua ya kwanza. Ilikuwa fupi na nzito, na harufu ya udongo iliingia kwa kila dirisha. Abiria walifurahi, maana mbegu zao zilikuwa tayari. Mimi peke yangu nilikuwa nahesabu mawingu kwa moyo mzito, nikaona aibu kuomba mvua isinyeshe katika nchi ya wakulima.

Kibondo nilipokelewa na Mwalimu Ruben mwenyewe, mwanamume mrefu wa miaka kama thelathini na mitano, shati limepigwa pasi, pikipiki mbili za kukodi zikimsubiri. "Mwakeye, daktari," akanisalimu kwa Kiha, ingawa ilikuwa alasiri na salamu hiyo ni ya asubuhi. Alinieleza baadaye kwamba alikuwa amejiandaa kunisalimu asubuhi, gari likachelewa, naye hakutaka salamu ipotee.

"Mimi si daktari, mwalimu. Ni fundi sanifu."

"Profesa ameniambia wewe ndiye uliyemfundisha yeye kutumia spektrografu."

"Hilo ni kweli."

"Basi hapa utakuwa daktari," akasema, na jambo hilo likaishia hapo.

Kumsenga, nyumbani kwa Ruben, mkewe Ester alitupikia ugali wa muhogo, maharage na samaki aina ya migebuka. Nyuma ya nyumba palikuwa na uwazi unaotazama kusini-magharibi bila mti wala ukuta. Kibondo kwenyewe kulikuwa na taa chache, mbali, upande mwingine. Nilisimamisha darubini pale kabla jua halijazama, nikaona nimefika mahali panapofaa.

Jioni ya kwanza, moshi. Mtu aliyekuwa akiandaa shamba bondeni alikuwa amechoma vichaka, na moshi ulilala juu ya upeo kama blanketi. Nge tulimwona kama mtu anavyoona samaki katika maji ya tope.

Jioni ya pili, mawingu na radi. Ruben alitumia muda ule kuniuliza maswali, na ninakiri maswali yake yalikuwa bora kuliko ya wengi niliowaandalia vifaa.

"Tukiona haidrojeni itatuambia nini? Nyota zote zina haidrojeni."

"Zote zina," nikamjibu. "Lakini katika nyota ya kawaida ya buluu, haidrojeni iliyo juu hunyonya mwanga, kwa hiyo mstari wake unaonekana mweusi. Tukikuta mstari huo unang'aa, yaani umesimama juu kuliko mwanga ulioko pembeni yake, maana yake kuna gesi ya moto inayoizunguka nyota kama sahani. Na sahani ya namna hiyo ndiyo chakula."

"Chakula cha nani?"

"Cha mwenzake asiyeonekana. Kiini cha nyota iliyokufa, kidogo kama mji lakini kizito kuliko Jua. Akipita karibu anaivuta ile gesi, gesi inamwangukia kwa kasi, inapata moto mkali mno, ndipo eksirei zinatoka. Sisi hatutamwona yeye. Tutaona sahani."

Ruben alimwita Ester aje asikie, akamsimulia yote upya kwa Kiha, na kwa mikono yake nilifuata kila hatua.

Jioni ya tatu mvua ilikuwa imeosha moshi wote, na baada ya jua kuzama mbingu ikafunguka upande ule tunaouhitaji. Saa moja na nusu Nge alikuwa amesimama wazi juu ya vilima, mkia wake umejikunja. Nililinganisha ramani na picha ya kamera, nikaipata nyota ya kwanza, ya pili, ya tatu, zote mahali pake. Mawingu yalikuwa yanapanda kutoka kaskazini, kwa hiyo sikupoteza muda. Nikaweka nyota ya pili, ile ya buluu, kwenye mwanya wa spektrografu, nikafungua kamera kwa dakika kumi.

Hapo nilifanya kosa, na nalisema wazi kwa kuwa ni langu. Kila spektra lazima iambatane na picha ya taa maalumu ya neoni, ambayo mistari yake inajulikana kwa usahihi. Taa hiyo ndiyo rula. Bila rula unaona mstari mwekundu lakini huwezi kuapa ni wekundu upi. Taa yangu nilikuwa nimeichomeka moja kwa moja kwenye jenereta la Ruben, bila kile kifaa cha kuzuia umeme usipande ghafla, kwa sababu kilikuwa chini ya mzigo na nilikuwa na haraka. Jenereta lilikohoa, likanguruma, na taa ikatoa mwako mmoja ikafa.

Picha ya nyota ikaja kwenye kompyuta wakati huohuo. Upinde ulikuwa mwembamba na safi, na upande wa wekundu kulikuwa na kitu kimesimama. Ruben alikiona kabla sijasema neno.

"Daktari, ile nini?"

Nikafungua kamera tena, na kabla ya dakika mbili mawingu yakatufunika. Picha moja. Picha moja bila rula.

Usiku ule nilituma barua pepe nikiambatanisha nilichokuwa nacho na kueleza yaliyotokea, bila kuficha. Asubuhi mratibu alijibu kwa adabu: picha moja inaweza kuwa chembe iliyoigonga kamera, au mwanga wa taa ya barabarani, na bila taa ya kupimia haiwezi kuwa ushahidi. Aliongeza kwamba msimu unafungwa baada ya siku nane. Nilisoma barua ile mara tatu nikaona kila neno lake ni la haki. Hilo ndilo lililoniuma. Kama angekosea ningekasirika, na hasira ingenisaidia.

Ningeweza kukisia vipimo kwa kutumia nyota nyingine angavu, lakini kukisia ndiko kulikonifanya nilaumiwe. Ester, aliyekuwa akichambua maharage mlangoni, alimwuliza mumewe, "Yule fundi wenu wa projekta, yule Mkongo, si yuko Kasulu?"

Ruben akapiga magoti kutafuta simu yake chini ya kiti.

Siku iliyofuata ilikuwa Ijumaa. Ruben aliomba ruhusa kwa mkuu wa shule, tukapakia kila kitu kwenye gari dogo la mizigo lililokuwa linapeleka ndizi, tukaelekea kusini. Barabara inashuka hadi daraja la Malagarasi, ambako maji yalikuwa bado machache na mekundu, kisha inapanda tena kupitia misitu ya miombo iliyokuwa inachipua majani ya rangi ya shaba. Makere tulipita njia inayoingia kambi ya Nyarugusu. Wanawake waliovaa vitenge vya Kikongo walikuwa wanatembea pembeni na mizigo ya kuni, na dereva, asiyependa ukimya, alituonyesha pia upande ilikokuwa kambi ya Mtabila, ambayo sasa imefungwa. "Mke wangu alizaliwa mle," alisema. "Siku hizi ni Mtanzania kuliko mimi."

Kasulu tulimkuta fundi katika kibanda nyuma ya zahanati, ameinama juu ya friji la chanjo. Jina lake Papa Dieudonné, mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa waya, fundi wa redio tangu Uvira. Anaishi Nyarugusu na anafanya kazi za ufundi za shirika moja la misaada, kwa kibali cha kutoka kambini. Alimaliza friji kwanza. Alituambia dawa za watoto zinatangulia nyota, na hakuna aliyebisha. Kisha akaishika taa yangu, akaitikisa karibu na sikio.

"Mama, hii lampe imekufa, haitarudi. Lakini niambie weye unataka nini kwake. Unataka mwangaza, ao unataka ile hewa ya ndani?"

"Hewa ya ndani, Papa. Neoni."

Akanitazama juu ya miwani. "Neoni tu?"

"Neoni tu."

Akafungua droo, akatoa testa, ile bisibisi ndogo ya kupimia umeme ambayo kila fundi anayo mfukoni, inayowaka taa ya rangi ya chungwa ikigusa waya wenye moto. Akaivunja shingo kwa koleo, akamimina kiganjani kitaa kidogo kuliko punje ya mahindi.

"Bon. Neoni hii hapa. Kila siku batu banaishika, habajui."

Nilikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa. Miaka ishirini na zaidi nimekuwa na testa kwenye koti la kazi, na wazo hilo halikuwahi kunijia hata siku moja. Papa Dieudonné aliunganisha vitaa vitatu vya namna hiyo, akaviwekea rezistansi za kubana umeme, akatengeneza waya wa kuchomeka kwenye inveta ya betri ya gari ili tuachane na jenereta kabisa. Tulijaribu pale pale, tukiwa tumefunika kichwa na spektrografu kwa kanga yangu. Mistari ilitokea mmoja mmoja, myekundu na myembamba, kila mmoja mahali pake. Nilimvuta na yeye aingie chini ya kanga aone.

"Iko mizuri," akasema. "Kumbe testa iko na siri yote hii."

Heru Juu, juu ya mji wa Kasulu, ndiko Ruben alikotutafutia mahali. Alikuwa na shangazi wa mkewe pale, Mama Consolata, mjane wa miaka sabini, mkulima wa maharage na mfanyabiashara sokoni. Wazazi wake walivuka kutoka Burundi yeye akiwa mgongoni, na uraia alishaupata zamani. Nyumba yake iko ukingoni kabisa, nchi inaporomoka kuelekea magharibi, na hakuna kitu kati ya kizingiti chake na upeo.

"Amahoro, mwanangu," akanipokea kwa mikono miwili. "Nimeambiwa unataka kuona magharibi. Magharibi yote ni yako. Ila mbuzi usimfungue."

Jumamosi na Jumapili mvua ilinyesha. Jumapili tulikwenda kanisani na Mama Consolata, mimi Mwislamu nikakaa nje barazani nikisikiliza kwaya na kutazama mawingu, na padri aliponiona alinipa mkono bila kuuliza lolote. Mama Consolata alimweleza kwa Kirundi shida yangu. Padri akasema wakulima wanaomba mvua, na mgeni anaomba saa moja tu ya mbingu safi, na kwamba yeye anadhani yote mawili yanaweza kupatikana.

Jumatatu, saa kumi alasiri, mvua ilikatika ghafla. Upepo ukageuka, mawingu yakasukumwa bonde kwa bonde hadi magharibi yote ikabaki wazi, imeoshwa, rangi ya maji. Papa Dieudonné alikuwa amepata siku zaidi kwenye kibali chake kwa ajili ya kazi ya zahanati, naye alipanda na sisi kutazama taa yake inavyofanya kazi. Tulikuwa wanne: mimi kwenye darubini, Ruben kwenye kompyuta, fundi kwenye betri, na Mama Consolata kwenye kiti cha kamba, amejifunga blanketi.

Saa moja na nusu tulianza. Nge alikuwa chini kuliko tulivyomwona Kumsenga, lakini hewa ilikuwa tulivu mno hata nyota hazikumetameta. Nikaweka nyota ya pili kwenye mwanya. "Taa," nikasema. Fundi akawasha, picha ikachukuliwa, akazima. Dakika kumi za nyota. Taa tena. Dakika kumi nyingine. Taa. Tulifanya hivyo mara tano.

Kisha nikakaa kando ya Ruben. Picha ya kwanza ikafunguka. Upinde, na upande wa wekundu, mstari umesimama. Ya pili vilevile. Ya tatu. Zote tano. Chembe haiwezi kuigonga kamera mahali palepale mara tano. Na mstari ulikuwa juu ya nyota tu, haukutapakaa pembeni kama ambavyo ungefanya kama ungetoka kwenye taa za mji au kwenye wingu la gesi lililo nyuma.

"Sasa rula," nikasema.

Ruben akaweka spektra ya testa chini ya spektra ya nyota. Mstari mwekundu wa haidrojeni, kwa wanaoujua, unakaa karibu katikati ya mistari miwili ya neoni, kama mtu aliyeketi kati ya majirani wawili. Alivuta picha ikakua. Mstari wetu ulikuwa pale. Ulikuwa pale hasa, kimo chake mara mbili ya mwanga wa nyota.

"Haidrojeni," Ruben akasema, taratibu. "Inang'aa."

"Inang'aa," nikasema.

Nililia kidogo, sina haja ya kuficha. Ruben alinyanyuka akatembea hadi ukingoni, akarudi, akatazama tena, akatembea tena. Papa Dieudonné alivua miwani akaifuta. Mama Consolata aliuliza kwa sauti ya kawaida tu, "Imepatikana?"

"Imepatikana, mama."

Akapiga vigelegele. Kimoja, kirefu, cha kike hasa, kilichotoka kifuani kwa mwanamke wa miaka sabini kikashuka bondeni. Kutoka nyumba ya chini mtu akamjibu, halafu nyumba nyingine, bila kujua tunashangilia nini.

Kesho yake mbingu ilitupa tena saa moja na nusu. Tuliirudia nyota ya pili, kisha kwa haki tukazitandaza ya kwanza na ya tatu pia. Ya kwanza ilikuwa nyota nyekundu baridi ya kawaida. Ya tatu ilikuwa hafifu mno, lakini mwanga ulitosha kuonyesha haina lolote la ajabu. Sikutaka mtu aniulize, "Je, zile nyingine?" nikose jibu. Jumatano tulishuka mjini kwenye mtandao mzuri tukatuma kila kitu: picha zote, zenye ubora na zisizo na ubora, maelezo ya taa, hata picha ya testa iliyovunjwa shingo.

Siku mbili kimya. Ijumaa asubuhi nilikuwa namsaidia Mama Consolata kupanda maharage, matope hadi magotini, simu ikaita. Alikuwa profesa.

"Umekaa?"

"Nimesimama shambani."

"Basi simama vizuri. Wenye darubini kubwa kule kusini waliigeukia jana jioni kwa dakika chache. Wameona mstari uleule. Orodha imebadilishwa. Si galaksi. Wameandika nyota ya buluu yenye sahani na mwenzake wa nyutroni, kile kiini cha nyota iliyokufa, na aliyeitambua wa kwanza ni wewe. Mahali pa kutazamia wameandika Kasulu."

Nilimwomba arudie, ili Ruben asikie. Kisha nikamwomba ahakikishe jina la Ruben na la Papa Dieudonné yanaingia pamoja na langu. Akasema yataingia. Mratibu naye aliandika mstari mmoja jioni ile: alifurahi kukosea, na anaomba mchoro wa taa ya testa, kwa kuwa kuna watazamaji wengine wenye vyombo vidogo ambao itawafaa.

Kibondo nilirudi kwa siku mbili kabla ya safari ya nyumbani. Kidato cha nne walijaa maabara, wengine madirishani. Ruben alifundisha, mimi nikakaa nyuma. Aliwasha testa, akawapa vipande vya kutandazia mwanga tulivyovikata kwenye sidii za zamani, akawaambia watafute mistari. Msichana mmoja wa mbele akauliza kama mistari hiyo iko vilevile kwenye nyota au imefanana tu.

"Ni ileile," Ruben akamwambia. "Haidrojeni ya Kumsenga na haidrojeni ya mkia wa Nge ni moja."

Nimejifunza nini? Nimejifunza kwamba kuona hakutoshi. Pale Kumsenga niliona, na nilikuwa sahihi, lakini sikuwa na haki ya kusema hadi niweze kumwonyesha mtu asiyeniamini. Na rula iliyonipa haki hiyo ilitoka kwenye droo ya mtu ambaye orodha nyingi zingemtaja kama mkimbizi na kuishia hapo. Nimejifunza pia kwamba kazi hii haihitaji mtu awe karibu na wakubwa. Inahitaji mbingu safi, uvumilivu, na watu wanaouliza maswali sahihi. Vyote vitatu nimevikuta kwenye miinuko ya Kigoma.

Kwa hiyo nilimpigia profesa kabla sijapanda gari, nikamweleza nilichotaka, naye akakubali. Darubini niliiacha kwa Ruben, pamoja na spektrografu na taa ya Papa Dieudonné. Kule Dar es Salaam ilikuwa inakaa kabatini muda mwingi wa mwaka.

Njiani kurudi nilikuwa na begi moja tu. Baada ya Singida niliifungua orodha kwenye simu, nikaanza kuweka alama kwenye vitu vyote visivyojulikana ambavyo nyota zake ni angavu vya kutosha kwa chombo cha sentimita ishirini. Vilikuwa vingi kuliko nilivyodhani. Jua lilipozama ujumbe ukaingia kutoka Kumsenga. Ruben aliandika kwamba mvua imekatika, mawingu yamehama, na mbingu ya mashariki iko wazi kabisa; Ester ameshika taa, yeye ameshika darubini, wanasubiri waambiwe waanze na ipi.

Nikamwandikia namba ya kwanza.